Vyumba sita vya kupangisha Goba, nipo hatua ya plasta: umeme, maji, shimo na mkataba viwekweje?

#1 Kokoto_Tatu

Habari wakuu. Naomba mawazo ya wenye nyumba, mafundi na wanaojua mambo ya TRA. Maneno ya "anza tu, mengine yatajipa" nimeshapewa ya kutosha.

Nyumba iko Goba, mstari mmoja wa vyumba sita, kila kimoja masta (choo na bafu ndani) na kajiko kadogo. Kutoka chumba cha kwanza mpaka cha sita ni mita 21. Bati limeshapanda, plasta ya ndani inaanza wiki ijayo, kwa hiyo mabomba ya umeme na maji bado yanahamishika bila kubomoa. Kiwanja kinateremka kuelekea nyuma. Bomba la DAWASA lipo barabarani, nguzo ya umeme iko mita 20. Chumba cha aina hii mtaani kinakwenda 150,000 kwa mwezi. Kiwanja na jengo likikamilika itakuwa kama milioni 70.

Maswali yangu:
1. LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja yenye mita ndogo za vyumba, au LUKU sita?
2. Tanki la ukubwa gani, na bili ya maji wagawane vipi?
3. Shimo la choo vipimo gani?
4. Kodi ya miezi mingapi, na mkataba uwe na nini?
5. TRA wanataka nini hasa?

Nawasilisha.

---

#2 Sakiti_Breka

Mkuu, la umeme linategemea kitu kimoja ambacho hujakitaja: utawaruhusu wapangaji kuweka shawa ya umeme?

Shawa ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24 kwenye volti 230. Sita zikiwaka pamoja saa kumi na mbili asubuhi ni ampea 143 na zaidi. Hakuna mita ya fezi moja itakayobeba hiyo, na waya wa kuingia utapata moto kabla breka haijakata kama fundi aliweka breka kubwa kuliko waya. Kwa hiyo LUKU moja ya fezi moja kwa vyumba sita inawezekana ukipiga marufuku shawa hizo kwenye mkataba, na kwa hali ya hewa ya Dar mtu anayezihitaji kweli ni wa Juni na Julai tu. Ukitaka kuziruhusu, kuna njia mbili: LUKU sita, au fezi tatu na vyumba viwili viwili kila fezi.

Ndani ya kila chumba fanya hivi, na usikubali fundi apunguze:

Taa, waya wa 1.5 (milimita za mraba) na breka ya ampea 6 au 10. Soketi za kawaida, waya wa 2.5 na breka ya 20. Soketi ya jikoni iwe na laini yake, 2.5 na breka yake, kwa sababu jiko la koili la kilowati 2 linakula ampea karibu 9 kwa saa nzima mfululizo, maharage yakiwa jikoni. Soketi zinazoyeyuka kwenye nyumba za kupanga ni hizo hizo za jikoni: fundi kaunganisha waya wa 1.5 kutoka kwenye taa ili kuokoa mita nne za waya. Shawa, kama ipo, waya wa 6 na breka ya 32, swichi yake nje ya bafu.

Waya wenyewe ukwangue kwa kisu dukani. Ndani ukiwa mweupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rudisha.

Halafu maombi yanapita NIKONEKT, mfumo wa mtandaoni wa TANESCO, na kazi isainiwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji). Fundi wa mtaani asiye na leseni anaweza kufunga vizuri, lakini fomu hawezi kukujazia.

---

#3 mama_vyumba_kumi

Kuhusu LUKU sita au moja, hesabu ziwekwe mezani.

Bei ya kuunganishiwa mjini, fezi moja, ndani ya mita 30 bila nguzo, ilirudi 320,960 mwaka 2022. Mara sita ni 1,925,760. Na sita hazitoshi. Taa za nje na pampu ya maji zitakula umeme wa nani? Ukizifunga kwa mpangaji wa chumba cha kwanza, ndani ya miezi miwili atazima taa ya geti usiku. Kwa hiyo unahitaji ya saba, ya mwenye nyumba: 2,246,720.

Upande wa pili, mita moja kwa watu sita ina adhabu yake ambayo wengi hawaioni. D1, bei ya mtumiaji mdogo wa nyumbani, ni shilingi 100 kwa uniti, lakini mwisho uniti 75 kwa mwezi, na ukivuka zile za juu ni 350. Familia sita haziwezi kukaa ndani ya 75, hiyo sahau. Mtakuwa T1, bei ya matumizi ya kawaida, 292 kwa uniti, ukiongeza VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3% na ya EWURA 1% ni kama 356. Mpangaji mseja mwenye feni, taa na simu, ambaye angekaa ndani ya 75 akiwa na mita yake, analipa bei ile ile na mwenye friji mbili. Huyo ndiye mpangaji mtulivu kuliko wote, na ndiye wa kwanza kuhama.

---

#4 Kokoto_Tatu

Mama, asante. Na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, mita saba si nitakatwa mara saba?

---

#5 mama_vyumba_kumi

Utakatwa, usipochukua hatua. Nyumba isiyo ghorofa ni 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi. Mita saba zikihesabiwa kila moja kama nyumba ni 126,000. Nenda ofisi inayosimamia kodi ya majengo eneo lako na namba zote saba za mita na uthibitisho wa umiliki, uombe deni libaki kwenye mita moja. Chagua ile ya saba, ya kwako. Usiliache kwenye mita ya mpangaji, kwa sababu kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo.

Usipofanya hivyo, tatizo litajitokeza hivi: chumba kimekaa tupu miezi minne. Mpangaji mpya ananunua umeme wa 10,000 siku ya kuhamia. Mfumo unakata 6,000 za miezi minne, anabaki na 4,000, anapata uniti 11 badala ya 28. Hajamaliza hata kutundika pazia na tayari anaamini umemuibia.

---

#6 Jumla_Kuu

Napingana kidogo na LUKU saba. Milioni 2.2 ni kodi ya chumba kimoja kwa miezi 15. Mita ndogo sita nyuma ya LUKU moja zinafanya kazi vizuri endapo mwenye nyumba anasoma namba kila mwezi na kuzibandika ukutani zionekane na wote.

Mfano wa karatasi ya mwezi:

Mita kuu imesoma uniti 401. Jumla ya mita ndogo sita ni 371. Tofauti ni 30. Hiyo 30 lazima ielezeke: pampu ya kilowati 0.75 ikifanya kazi dakika 45 kwa siku ni uniti 17 kwa mwezi, taa nne za nje za wati 9 kwa saa 12 ni uniti 13. Jumla 30. Kwa 356 ni 10,680, kila chumba 1,780.

Mwezi ambao tofauti inaruka kutoka 30 hadi 60, kuna mambo mawili tu. Ama pampu haizimi kwa sababu boya la tanki limekwama na maji yanamwagika usiku kwenye bomba la kufurika, ama kuna mtu kachepusha waya kabla ya mita yake. Anza na boya. Ni mara nyingi zaidi ya wizi, na kumwita mtu mwizi hakurudishwi.

Jambo la kuogopa kwenye mfumo huu ni mita ndogo za kununulia tokeni. Mpangaji ananunua tokeni kwako au kwa kampuni inayouza mita, lakini LUKU kuu bado lazima uijaze wewe. Ikiisha saa nane usiku, vyumba vyote sita giza, hata yule mwenye uniti 50 kwenye mita yake. Kama huwezi kuangalia LUKU kuu kila siku ya tatu, chukua mita ndogo za kusoma tu.

---

#7 Sakiti_Breka

Nakubali kwa nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo humo au mtaa wa pili. Kwa mwenye nyumba wa mbali, LUKU tofauti. Hoja si bei, ni nani atasoma hizo namba tarehe 30.

---

#8 fundi_PPR

Naingia kwenye maji na shimo maana plasta ikifunika ndio basi.

Watu: vyumba sita kwa watu watatu ni 18. Weka lita 80 kila mmoja, ni lita 1,440 kwa siku. Kwa mgao wa Dar usiweke chini ya siku tatu. Nashauri tanki la chini lita 5,000 linalopokea maji ya DAWASA kwa boya, na la juu lita 2,000 linalojazwa na pampu. La juu likiwa moja kubwa la 5,000, mnara unabeba tani tano, na hapo gharama ya nondo na zege inapita bei ya tanki lenyewe.

Kimo cha mnara: kila mita 10 za kimo ni bar 1. Tanki likiwa mita 3 juu ya shawa una bar 0.3, inatosha kuoga lakini si kwa shawa ya mvua za hotelini. Chini ya mita 2 wapangaji watalalamika.

Ukubwa wa mabomba ndio unaoamua kama chumba cha sita kitapata maji. Kutoka tanki la juu shuka na inchi moja na robo, laini kuu ya mita 21 iwe inchi moja, tawi la kila chumba robo tatu, bomba la mwisho nusu. Wakikuwekea nusu inchi mstari mzima, chumba cha kwanza akifungua kufua, cha sita anabaki na sabuni usoni.

Kila chumba kiwe na valvu ya kufungia nje, kwenye kisanduku, si chini ya sinki. Bomba likipasuka na mpangaji yupo kazini, utafunga chumba kimoja badala ya nyumba nzima, wala hutavunja kitasa cha mtu.

Mita ndogo za maji ziwekwe hapo hapo kwenye kisanduku. Ujue udhaifu wake: maji ya kushuka kwa mvuto hayana nguvu, na choo kinachovuja kama uzi mwembamba hakizungushi mita. Ndiyo maana bili ya DAWASA huwa inazidi jumla ya mita ndogo. Kupima choo ni rahisi: weka chai ya rangi au rangi ya chakula kwenye tanki la choo, usivute maji, rudi baada ya nusu saa. Rangi ikiwa imeshuka kwenye bakuli, badilisha raba ya chini. Fanya hivyo kila mpangaji anapotoka.

Shimo. Hapa ndipo nyumba nyingi za kupanga zinapomla mwenyewe, kwa sababu shimo moja la familia linafanywa la familia sita.

Yawe mawili. La kwanza la kutuama, limejengwa na kupigwa plasta isiyopitisha maji: urefu mita 2.5, upana 1.2, kina cha maji 1.5. Hizo ni lita 4,500. Ligawanye ndani kwa ukuta, theluthi mbili ya kwanza na theluthi moja ya pili. Bomba la kuingia na la kutoka yote yawe na umbo la T, mguu wa T ushuke chini ya utando wa mafuta. Fundi akiacha T ya kutoka, utando wote unakwenda kuziba shimo la pili, na shimo la pili likishaziba halizibuki, unachimba jipya.

La pili la kunyonya: kipenyo mita 2, kina mita 3, tofali zipangwe bila kujaza mota kwenye viungo vya pembeni, kokoto kuzunguka. Usiliplasta. Wapo mafundi wanalipiga plasta "lisibomoke", halafu linageuka ndoo.

Kabla hujachimba pima udongo. Chimba kitundu cha sentimita 30 kwenye kina utakachofikia, kijaze maji, kiache kilale usiku kucha kikiwa kinajazwa. Asubuhi jaza tena uangalie saa. Kama maji yanashuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa nzima, huo ni mfinyanzi, shimo la kunyonya halitafanya kazi na hesabu yako yote ya gari la kunyonya inabadilika. Kama kuna kisima cha jirani, kaa mbali nacho mita 30 au zaidi.

Mteremko wa bomba la inchi 4 ni sentimita 2.5 kila mita. Mita 21 zako ni sentimita 52 na nusu. Yaani bomba likianza sentimita 30 chini ya ardhi chumba cha kwanza, linafika mwisho likiwa zaidi ya 80. Kiwanja kinakusaidia kama kinateremka upande huo huo. Chemba kila kona, na moja kila vyumba viwili kwenye mstari, na kifuniko chake kisifukiwe chini ya pevu (tofali za kutandika uani).

Maji ya kufulia yatenganishe, yaende shimo dogo la peke yake. Sabuni na jiki za familia sita zinaua bakteria wa shimo la kwanza, uchafu hausagiki, unajaa tu.

---

#9 Sele_Tofali

Pedi na nepi je? Shimo liwe zuri vipi, hizo zinaziba.

---

#10 fundi_PPR

Ndoo yenye mfuniko kila choo, unainunua wewe mwenye nyumba, na utaratibu wa gari la taka. Kwenye mkataba andika: chemba ikizibuliwa na kilichotoka ni kitambaa, pedi au nepi, gharama ni ya vyumba viwili vilivyo juu ya chemba hiyo. Ndiyo sababu ya chemba kila vyumba viwili. Bila hivyo huwezi kujua imetoka wapi.

---

#11 mama_vyumba_kumi

Kabla ya plasta, kingine. Kajiko. Wapangaji wengi sasa wanapikia gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini kama maji. Tofali la matundu liwekwe sentimita 10 kutoka sakafuni kwenye ukuta wa nje wa kajiko, na lingine juu kwa ajili ya mvuke. Mafundi wanaweka la juu tu. Kulitoboa la chini leo ni dakika tano.

---

#12 Wakili_wa_Mtaa

Mkataba.

Watu wanadhani mkataba ni kurasa nyingi. Kinachosaidia siku ya ugomvi ni vitu vichache vilivyoandikwa kwa namba: jina na namba ya NIDA, idadi ya watu watakaolala humo, kiasi cha kodi na tarehe ya kulipa, dipoziti na masharti ya kuirudisha, orodha ya vitu vilivyomo na hali yake (funguo ngapi, taa ngapi, kioo cha dirisha kimekamilika au kina ufa), namba iliyosomwa kwenye mita siku ya kuingia, na notisi. Piga picha za kila ukuta siku hiyo mpangaji akiwepo, mtumiane hapo hapo ili tarehe ijulikane.

Notisi: mpangaji anayelipa mwezi kwa mwezi bila muda uliotajwa, Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamhesabu wa kipindi hicho, na notisi isipungue kipindi kimoja. Analipa kwa mwezi, notisi mwezi. Analipa kwa miezi mitatu, hesabu mitatu, isipokuwa mkataba wenu umesema vingine.

Stempu: ushuru ni 1% ya kodi ya mwaka. 150,000 mara 12 ni 1,800,000, ushuru 18,000 kwa chumba. Ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Watu wanaukwepa kwa sababu ni mdogo na hakuna anayeuliza, mpaka siku ya Baraza la Ardhi. Mkataba usio na stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini.

Na msiguse mlango wa mtu. Kuongeza kufuli lako juu ya la mpangaji, kung'oa bati, kukata maji ili ahame, vyote vinamgeuza mdaiwa kuwa mdai. Anayedaiwa miezi mitatu anaweza kukushinda kwa sababu ya kufuli moja. Njia ni notisi ya maandishi yenye nakala kwa serikali ya mtaa, kisha usuluhishi wa Baraza la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tangu mabadiliko ya 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaendelea mbele. Ukikaa unasubiri hukumu ya kata unapoteza muda na kodi.

---

#13 Kokoto_Tatu

Wakili, kodi miezi sita mbele au mitatu?

---

#14 Wakili_wa_Mtaa

Kisheria mnavyokubaliana. Kwa mtazamo wa kesi, mitatu na dipoziti ya mwezi mmoja ni bora. Mpangaji wa miezi sita asiyefaa unaishi naye miezi sita.

---

#15 Jumla_Kuu

Na kwa mtazamo wa hela pia. Miezi sita ya vyumba sita ni 5,400,000 inaingia kwa mkupuo Januari. Machi pampu inaungua na hela imeshakuwa tairi za gari. Anayechukua miezi sita aigawe siku ile ile: moja ya sita itumike, tano zikae akaunti nyingine zitolewe mwezi kwa mwezi. Dipoziti haiingii kabisa kwenye hesabu, hiyo ni hela ya mtu.

Ugomvi wa dipoziti uko kwenye kuchakaa na kuharibu. Rangi iliyofifia baada ya miaka miwili ni kuchakaa, yako. Matundu manne ya boliti za TV ukutani ni kuharibu, yake. Liandikeni hivyo hivyo kwa mfano.

Rangi yenyewe: kuta za chumba cha mita 3.5 kwa 3.5, kimo 2.8, ukitoa mlango na dirisha ni kama mita za mraba 35. Mikono miwili ni lita 7. Tumia ya kuoshika, si ile ya bei chee inayotoka na kitambaa, na rangi moja vyumba vyote ili ndoo ya lita 20 iliyobaki nusu ifanye kazi chumba chochote. Andika namba ya rangi nyuma ya mlango wa stoo. Boksi mbili za vigae ziwekwe akiba. Mwakani duka halitakuwa na rangi hiyo.

Vitasa: nunua silinda saba kwa vyumba sita. Mpangaji akitoka, silinda yake inatoka, ya akiba inaingia, na ile iliyotoka inakuwa akiba ya chumba kingine. Hulipi fundi kila mara, na funguo alizochonga mpangaji wa zamani hazifungui kitu anachokijua.

---

#16 Mwananyamala_B

Dalali hamjamtaja.

Dalali analipwa na mpangaji, kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo faida yake ni mpangaji ahame, si akae. Chumba kikizunguka mara mbili kwa mwaka analipwa mara mbili. Usimpe funguo, mpe ratiba ya kuonyesha. Na malipo ya kodi yaingie kwako moja kwa moja, kwa benki au lipa namba, si kwa dalali wala msimamizi. Msimamizi apokee taarifa za bomba, asipokee pesa.

---

#17 Daftari_Jekundu

TRA na hesabu nzima, maana 150,000 mara sita mara 12 = 10,800,000 si kipato chako.

Hesabu vyumba vikiwa vimejaa miezi 11: 9,900,000. Toa:
matengenezo 900,000 (pango la nyumba nzima mwezi mmoja, na mwaka wa tano itakuwa ndogo);
gari la kunyonya na kuzibua 250,000;
kodi ya jengo 18,000;
umeme wa nje na pampu 130,000;
msimamizi 50,000 kwa mwezi, 600,000;
stempu vyumba sita 108,000.
Jumla 2,006,000. Inabaki 7,894,000 kabla ya kodi ya mapato. Kwa milioni 70 ni 11.3%. Ilinganishe na hatifungani ya serikali ya muda mrefu, ambayo haina shimo wala pampu, kabla hujaanza nyumba ya pili.

Kama sehemu ya hiyo 70 ni mkopo, tuseme milioni 30 kwa 17%, riba ya mwaka wa kwanza pekee ni 5,100,000. Unabaki na 2,794,000 na hujagusa deni lenyewe.

Mpangaji akiwa kampuni au taasisi (nyumba za Goba zinachukuliwa na kampuni kwa ajili ya wafanyakazi wao), atakukata 10% ya zuio (kodi inayokatwa kabla hujalipwa) na kuipeleka TRA. Dai cheti cha zuio kila malipo, ndio uthibitisho kwamba imelipwa kwa TIN (namba ya mlipakodi) yako. Na ukitaka kiasi fulani kamili mkononi, usiongeze 10% juu, gawa kwa 0.9. Unataka 500,000: 500,000 gawa kwa 0.9 ni 555,556. Ukiandika 550,000 utapokea 495,000.

Risiti za fundi, rangi, pampu, zitunzwe zenye TIN yako. Bila risiti, TRA wataona mapato tu.

---

#18 Ploti_ya_Ruiru

Nawasoma kutoka Kenya. Huku kodi ya serikali kwenye pango ni rahisi kuhesabu lakini kali: tangu Januari 2024 ni 7.5% ya mapato ghafi ya pango kwa anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 za Kenya kwa mwaka. Ghafi, si faida. Hutoi pampu wala rangi. Inalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wapangaji wanalipa mwezi kwa mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja, hiyo ya miezi sita mbele ingewafukuza wote. Keateka (msimamizi) anakaa ndani ya ploti bila kulipa chumba, na hicho chumba kiwekwe kwenye hesabu kama gharama, wengi hukisahau.

---

#19 Sele_Tofali

Huyo wa Kenya yuko sahihi, hata huku msimamizi wa kukaa bure anakula 1,800,000 kwa mwaka. Hiyo 600,000 ya Daftari ni ya msimamizi anayetoka kwake.

---

#20 Kokoto_Tatu

Wakuu nimepata zaidi ya nilichouliza. Maamuzi: LUKU saba kwa sababu siishi karibu, tanki la chini 5,000 na la juu 2,000, mashimo mawili baada ya kupima udongo Jumamosi, miezi mitatu na dipoziti moja.

Swali la mwisho kwa Sakiti_Breka: mita zote nataka ziwe pamoja mbele ya chumba cha kwanza ili anayekagua mita asiingie ndani. Fundi anasema waya wa 6 mpaka chumba cha sita unatosha, mwingine anasema 16. Nani yuko sahihi?

---

#21 Sakiti_Breka

Fundi wa 6 yuko sahihi, wa 16 anakuuzia shaba bure. Kwa ampea 32 na mita 21, waya wa 6 unapoteza kama volti 5 kati ya 230, inakubalika. Wa 10 unapoteza kama 3. Ila kwa tahadhari weka 6 vyumba vitatu vya kwanza, 10 vitatu vya mwisho, kila kimoja kwenye bomba lake, usipitishe nyaya sita kwenye bomba moja maana zinapashana joto. Kijiti cha ethi kimoja karibu na mita, waya wake uende kila chumba, na kipimwe mbele yako.

Mabomba yakishalazwa ukutani, kabla plasta haijagusa, piga picha kila ukuta futi ya kupimia ikiwa imeegemezwa hapo, kuanzia konani na kuanzia sakafuni. Siku mpangaji atakapoomba kutundika TV utajua msumari upite wapi.